Mashine Haimezi Mate

Mtu akitaka kukudanganya, kwanza humeza mate. Maneno hayo si yangu, ni ya Opareta, na alikuwa na haki ya kuyasema. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye swichibodi ya simu ya ofisi moja kubwa, haoni hata kiganja chake, vidole vinatembea juu ya vitufe na masikio yamejaa watu. Kuna anayesema bosi hayupo, kuna anayejua kwamba yupo, na kuna bosi mwenyewe pembeni ananong'ona, "mwambie nimesafiri." Aliwasikia wote wakimeza.

"Soli," aliniambia, "mate ya ukweli hukaa yalipo. Ya uongo lazima yashuke kwanza, yaupishe upite."

Soli ni mimi. Ni fundi viatu, na kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo analokaa Opareta, upande ule ambao mvua ikianza nahamia ndani na viatu vyangu vyote kama kuku na vifaranga. Jina hilo alinipa yeye, halafu akaligawa mtaa mzima bure. Kila asubuhi alishuka na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda changu cha wateja, wateja wakasimama.

"Soli, hilo shati leo siku ya ngapi?"

"Umelionaje wewe kipofu?"

"Limenisalimia kabla yako."

Ndivyo tulivyoishi. Asiyetujua angedhani tuna kesi.

Kisha ofisi yao ikaleta mashine ya kupokea simu. Hawakumfukuza, la, walimshukuru. Aliyepewa kazi ya kumshukuru alimeza mate mara nyingi hivi kwamba Opareta akamwonea huruma, akamwambia, "Bwana, kunywa maji." Mashine yenyewe ilikuwa sauti ya mwanamke: karibu, kwa mauzo bonyeza moja, kwa malalamiko bonyeza mbili. Mwanzoni Opareta alikuwa akiketi hapa kibandani, anapiga namba ya kazini kwake, na kuitukana.

"We mama, hicho kiti unachokalia bado kina joto la makalio yangu, unajua?"

"Samahani," ikasema mashine, "chaguo hilo halipo."

Wateja wangu walicheka mpaka mmoja akaondoka na kiatu kimoja. Opareta naye alicheka, kisha akakata simu.

"Unajua nini, Soli? Hakasiriki. Mimi nilikuwa nakasirika. Labda ndiyo maana."

Alikuwa na binti mmoja. Mama yake alifariki mtoto angali ananyonya, akalelewa na shangazi yake, dada wa Opareta, mwalimu wa zamani anayekaa nao hapo ghorofani. Mtaa mzima tunamwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Na huyo binti alikuwa na kigugumizi. Hebu fikiria: baba riziki yake ni sauti, mtoto sauti inamkwama kooni. Herufi ya K ndiyo ilikuwa adui yake mkubwa, na D ikaja kuisaidia. Baba yake akamfundisha ujanja. Ukiona neno linataka kukukwama, sema kwanza "baba," halafu teleza nalo hapo hapo. Na kweli, neno hilo lilimtoka kama mafuta. Basi mtoto akawa kila kitu anaanza na baba. "Baba, naomba mkate," anamwambia muuza duka, kijana hata ndevu hajaota. Mwalimu wake wa kike aliitwa baba mpaka akaitikia. Na kwangu alikuja na viatu vya shule mkononi:

"Baba, kiatu kinacheka." Ananionyesha soli iliyoachia mdomo.

"Kinakucheka wewe na huo mwendo wako wa upande."

Alitembea akiegemea nje, yule mtoto. Visigino vyake vyote vililika upande mmoja.

Alipokua akaenda mji mwingine, mwendo wa siku nzima barabarani, kushona nguo kiwandani. Kupiga simu hakupenda. Simu haina uso wa kumsubiri, alisema, watu wanadhani imekatika. Baba yake angemsubiri mpaka kesho yake, lakini yeye mwenyewe aliona haya. Kwa hiyo aliandika. Na kwa kuwa baba hasomi, likizo yake ya kwanza alimletea simu inayosoma: ujumbe ukiingia unagusa kioo, sauti inasema kilichoandikwa.

Opareta aliichukia papo hapo. Alisema ni mdogo wake yule mama aliyemtoa kazini.

"Na huyu si mwanangu," akalalamika. "Mwanangu haongei kama maji ya bomba."

Malalamiko yakamfikia binti. Ujumbe uliofuata tuliusikia pamoja hapa kibandani.

"Baba, leo kaka kazi imeisha mapema," ikasoma ile simu.

Opareta akaruka kigodani. "Kaka gani? Soli, huyu mtoto ana kaka?"

Nikaichukua simu nikatazama. Alikuwa ameandika *ka-ka-kazi*. Kakiandika kigugumizi chake, mtundu yule, ili mashine nayo ikwame. Tulicheka mpaka nikajigonga kidole. Kuanzia hapo Opareta akawa na familia kubwa, maana kila ujumbe ulikuja na ndugu: kaka kahawa, kaka kanisubiri, dada dawa, dada dirisha. Akawa ananiuliza nikifunga kibanda, "Leo umewasalimia wanangu wote?"

Lakini kucheka ni kucheka. Kilichomfanya aiamini ile simu kilikuwa kitu kingine.

Moyo ulianza kumsumbua. Akapimwa, majibu yakaja kwa ujumbe, na Shangazi akawahi kuyasoma. "Wanasema ni uchovu tu, kaka. Upumzike." Opareta akayasikia mate yakishuka. Alichukua fimbo, akashuka ngazi, akaketi kigodani, akagusa kioo. Na sauti ile ile inayosoma matangazo ya vocha ikasema kwamba moyo umepanuka, mlango wake mmoja haufungi vizuri, mgonjwa apasuliwe mapema iwezekanavyo.

"Umesikia, Soli?"

"Nimesikia."

"Imesema yote. Bila kumeza mate." Akaipapasa ile simu kama mtu anavyopapasa kichwa cha mtoto. "Watu wananipenda, ndiyo shida yao. Anayekupenda anakupa habari kama anavyompa mtoto samaki, ameshatoa miiba. Hii hainipendi. Haina habari nami kabisa. Kwa hiyo nitaiamini."

Nikamwambia hiyo ni sababu ya ajabu ya kumwamini mtu. Akasema ndiyo maana si mtu.

Basi ikawa balaa. Mimi nimesimama nje, mvua inanipiga upara wote, yeye anaiuliza simu.

"Soli, simu inasema leo hakuna mvua."

"Basi iambie ije isimame hapa nilipo."

Akapasuliwa, na upasuaji ukaenda vizuri. Alikuwa bado wodini, mshono mbichi kifuani, habari ilipotufikia kwamba binti amefariki. Homa ilimshika huko huko, ikamlaza, na kabla wenzake hawajajua ni homa gani ikaondoka naye. Alikuwa amewakataza wasituambie anaumwa. Hakutaka baba yake aingie chumba cha upasuaji na wasiwasi.

Tulikwenda watatu, Shangazi, mjomba wa marehemu, na mimi. Tukamzika huko. Tungefanyaje? Daktari alishatuambia wazi kwamba mzee asishtuliwe, na tulimwogopa daktari. Wenzake wa kiwandani walitukabidhi mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na nguo, viatu nilivyomshonea mwenyewe, na simu.

Wakati wa kurudi Shangazi aliishikilia ile simu mapajani njia nzima, kama anashikilia bakuli la maji. Tulipokaribia kufika akasema, "Nitamwandikia mimi. Mpaka apone."

"Shangazi, atakukamata."

"Kwa mdomo angenikamata. Tangu tukiwa wadogo ananikamata. Lakini mdomo wangu hatausikia, atasikia mashine. Na mashine anaiamini."

Alisema kweli. Sauti ile ni moja kwa kila mtu: kampuni ya simu, daktari, tapeli, mwanao. Uongo ukiingia humo unatoka umeoshwa na kupigwa pasi.

"Na wewe, Soli," akanigeukia, "usiongee naye. Sauti yako haiwezi kuficha hata bei ya kisigino."

Nisiongee na Opareta! Angeniambia nisipumue ingekuwa nafuu. Lakini sisi mafundi viatu tuna desturi ya kazi. Tukigonga soli hubana misumari midogo midomoni, tunaichukua mmoja mmoja. Na mtu mwenye misumari mdomoni hamezi mate. Akijaribu, atajuta. Opareta aliporudi nyumbani na kushuka ngazi kwa mara ya kwanza, polepole, ameshikiliwa na dada yake, mimi mdomo ulikuwa umeshajaa.

Alikuwa amekonda. Akaketi kigodani.

"Soli, upo?"

"Mm."

Simu ikalia mfukoni mwake. Akagusa kioo.

"Baba, baba," ikasoma, "nimefurahi umetoka hospitali. Huku kaka kazi ni nyingi, nitakuja mwezi ujao. Usisahau dada dawa."

Nikamtazama Shangazi pale ngazini, nikasema moyoni, huyu mama ni fundi kuliko mimi. Amesoma jumbe za zamani na hata kigugumizi amekiweka. Na ile "baba, baba" ya mwanzo ilinigusa, ikawa kama mtoto anayemwita mzee wake kwa hamu.

Opareta alikaa na simu mkononi. Akagusa tena. "Baba, baba, nime—" akaizima. Akagusa tena. "Baba, baba—" akaizima. Kisha akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Mwanangu ana kazi nyingi," akasema.

"Mm," nikasema mimi.

Yakawa ndiyo maisha. Jumbe zikawa zinaingia kila siku, zinatoka jikoni ghorofani, zinaenda sijui mbinguni gani, zinarudi chini kwenye kigoda changu. Dirisha la jikoni kwao liko juu ya kibanda, kwa hiyo nilisikia. Shangazi akitaka kuandika alifungua bomba, maji yatiririke, ili kilio kisisikike. Akishuka macho yamevimba.

"Vitunguu," ananiambia.

"Dada," Opareta anadakia kutoka kigodani, "siku hizi tunakula vitunguu tu?"

Tungecheka, lakini mimi nilikuwa na misumari.

Kilichonitisha hakikuwa Opareta, kilikuwa Shangazi. Jumbe zilirefuka. Zamani zilikuwa za dawa na salamu, sasa binti amehama chumba, chumba kipya kina dirisha kubwa. Binti amepandishwa cheo, anasimamia mstari mzima wa cherehani. Siku moja Shangazi alinishukia mbio, amejifunga khanga vizuri, uso unang'aa.

"Soli, kuna kijana anamtaka! Mpole, fundi umeme."

Nikatoa misumari. "Anamtaka nani, Shangazi?"

Akanitazama. Uso ukamzimika taratibu. Akageuka, akapanda ngazi akishika ukuta. Muda si mrefu nikasikia bomba.

Kesho yake mchana Opareta alikuja peke yake. Daktari alikuwa amemruhusu kutembea, mshono umekauka. Aliketi, akaegemeza fimbo, na hakunitania. Nilikuwa nagonga soli ya buti.

"Soli. Tema misumari."

"Mm?"

"Tangu nitoke hospitali hujanitukana hata mara moja. Juzi nilivaa shati vifungo kombo makusudi, nikakaa mbele yako asubuhi nzima, ukagonga viatu. Tema."

Nikaitemea kiganjani. Na mate, yaliyokuwa yakingoja siku zote hizo, yakashuka yenyewe, kwa kelele, kama ng'ombe anayekunywa maji.

"Ahaa," akasema polepole. "Hayo."

Akatoa simu, akaiweka magotini.

"Ule ujumbe wa kwanza. Uliandikwa ba-ba-baba, si ndiyo?"

"Mimi nilidhani anakuita mara mbili."

"Kila mtu angedhani. Mashine imesoma baba, baba. Lakini mimi najua aliyeandika alikuwa anaigiza kukwama." Akapumua. "K ilimkwamisha. D ilimkwamisha. Baba haikumkwamisha hata siku moja, Soli. Akilia, akiwa na homa, akiwa na hofu ya mtihani. Ni neno nililompa avukie mengine. Mwanangu angewezaje kukwama kwenye daraja?"

Nilishika kichwa. Sote tulikuwa tumemsikia yule mtoto miaka yote hiyo, na Shangazi ndiye aliyemlea, na hakuna aliyeliona.

"Basi ulijua siku ile ile."

"Siku ile ile."

"Na hukuuliza?"

"Nimuulize nani? Hii?" Akaigonga simu kwa ukucha. "Hii imefanya kazi yake. Imenisomea kilichoandikwa, haikuongeza, haikupunguza. Sina ugomvi nayo. Nilikuwa nasubiri mtu. Kila asubuhi nashuka ngazi hizi na kifua kinauma, naketi hapa, nasema leo Soli atameza mate aniambie. Wewe unagonga tu." Akakivuta kigoda karibu nami. "Nilidhani nataka sauti isiyonihurumia. Kumbe kwa habari nyingine. Hii siwezi kuipata kwa kuhesabu herufi, Soli. Nataka mdomo. Wenye pumzi, hata ukinuka kahawa kama wako. Sema."

"Opareta, ndugu yangu..."

"Meza kwanza kama unataka. Halafu sema."

Nikameza. Nikasema. Nilimwambia habari ya homa, nilimwambia aliwakataza wenzake, nilimwambia kaburi liko wapi na mti gani uko karibu na udongo wake una rangi gani. Alikuwa ananielekea kwa sikio, kama alivyokuwa akiielekea swichibodi, na kila nilipofupisha akasema, "Usitoe miiba." Basi sikutoa.

Nilipomaliza akauliza, "Hakuacha kitu?"

Viatu vilikuwa chini ya meza yangu tangu tuliporudi. Shangazi aliniambia nivitengeneze, na sikuweza hata kuvigusa. Nikaviweka kwenye magoti yake. Alivipapasa ngozi, akapitisha kidole gumba kwenye soli, akafika kisiginoni, kidole kikasimama.

"Kimelika upande," akasema.

"Alikuwa na mwendo wake."

"Alikuwa na mwendo wake." Machozi yakawa yanashuka bila sauti, yanadondokea kwenye viatu, yeye anayafuta kwenye ngozi kama anavipaka rangi.

Baadaye akajikusanya. "Napanda juu kwa dada."

"Mwache kidogo. Moyo wake..."

"Ndiyo, moyo wake," akasema. "Nilimwacha kwa sababu nilisikia anafurahi. Bomba likifungwa anaimba kidogo, umewahi kumsikia? Nikasema, acha awe naye siku mbili tatu zaidi. Lakini jana kanitafutia mkwe, Soli. Nikimwacha ataniletea mjukuu. Na mjukuu huyo mimi siwezi kumzika."

Akasimama, akakumbatia viatu kwa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Simu aliiacha juu ya kigoda. Nikamwita, "Opareta, simu yako." Hakugeuka. Nikamsikia akipanda, fimbo, mguu, fimbo, mguu, akipumzika kila kona.

Bado hajafika, simu ikalia. Nikaigusa bila kufikiri.

"Baba, baba," ikasema, "umekunywa dada dawa ya mchana?"

Sauti safi. Haina jikoni, haina bomba, haina mama aliyeinama juu ya simu ya marehemu akitafuta herufi kwa miwani. Ukiisikia ungesema kweli kuna binti mahali fulani ameketi dirishani.

Juu mlango ukafunguliwa. Maji ya bomba, yaliyokuwa yakitiririka muda wote ule, yakafungwa. Kisha nikamsikia Opareta akisema neno moja, "Dada," na Shangazi akapiga ukelele ambao ulikuwa umemkaa kooni tangu tulipotoka makaburini, na sauti ya kaka yake ikaungana na ya kwake, mpaka madirisha ya jengo zima yakafunguka na watu wakatoa vichwa wakiulizana kuna nini kwa Opareta.

Mteja wa buti alikuja akanikuta nimesimama. Akaniuliza kama kiatu chake tayari. Nilitaka kumjibu, nikaona anautazama mkono wangu. Misumari ilikuwa bado kiganjani, nami nilikuwa nimekifumba mpaka ikanichoma.